Kina Ellenroyd Kumi na Mmoja

Hollin Clough, karibu na Halifax
12 Januari 1971

Mwanangu Thelma,

Pokea salaam za baba yako mdogo Seth, mpishi mstaafu wa meli, mtu aliyekaanga mayai katika bahari zote zenye jina na mbili tatu zisizo nalo. Mimi mzima, nazidi kupendeza. Edna naye mzima, isipokuwa lile goti lake linalotabiri mvua, na kwetu hapa goti la namna hiyo halipati likizo. Baba yako yupo. Anasinzia kanisani, kisha akitoka anawasema waliosinzia. Msalimie mumeo Bohdan.

Sasa jambo lenyewe. Tumekwisha.

Najua hujasahau, hata kama huko Winnipeg watu hucheza wakiteleza juu ya barafu. Kila Jumatatu ya mwisho ya Agosti kina Ellenroyd kumi na mmoja wanacheza kriketi na Wengineo, yaani kijiji kizima kisichobahatika kuwa na jina letu. Anayeshinda anakaa na lile birika kubwa la shaba mwaka mzima. Na sharti ni lile lile tangu enzi za babu yangu: siku tutakayokosa kumi na mmoja wenye jina, birika linakwenda kwa Wengineo moja kwa moja, na mechi ndiyo basi tena. Novemba tumemzika binamu Walter. Krismasi mwanawe Keith kahamia Australia. Tumebaki tisa, baba yako akiwa nahodha.

Harold Pickersgill, yule muuza nyama, nahodha wa Wengineo, ameshalitengea birika nafasi dukani kwake kando ya soseji. Juzi aliniambia mbele ya baa nzima, "Seth, mwaka huu mtasimamisha mawe ya makaburi." Nikamwambia jiwe la babu yangu linakimbia kumshinda yeye. Watu walicheka, lakini nilirudi nyumbani bila raha.

Inaniuma. Jina kama letu, lililokuja na mfalme William Mshindi juu ya farasi mweupe alipoiteka Uingereza, leo halifikii watu kumi na mmoja. Nitafutie huko. Canada ni kubwa, haiwezekani asiwepo Ellenroyd hata mmoja chini ya theluji.

Baba yako hajui kwamba nakuandikia. Au anajua. Aliniuliza kama nina stempu.

Baba yako mdogo,
Seth

*

Winnipeg
30 Januari 1971

Shikamoo Baba mdogo,

Barua yako nimeisomea kituo cha basi, na machozi ya kicheko yakaganda mashavuni. Huku baridi si ya mzaha. Kazi za ofisi ya reli zinaendelea. Mama mdogo Edna mpe pole ya goti. Bohdan hajambo.

Nimepekua vitabu vya simu vya miji yote mikubwa ya Canada vilivyoko maktaba. Hakuna hata mmoja. Nikamuuliza mzee wa maktaba, akanipa kitabu cha majina ya kwenu huko. Baba mdogo, kaa kwanza. Hatukuja na farasi. Majina yanayoishia kama letu ni ya bonde lile lile mnaloishi, na sehemu ile ya mwisho maana yake ni ardhi iliyokatwa miti ikawa shamba. Babu yetu wa kwanza alikuwa mtu mwenye shoka. Akaitwa kwa jina la mahali alipokuwa anatokwa jasho, basi. Kitabu kinasema majina ya namna hii yalianzia kwenye nyumba moja, na wengi wanaoyabeba hawajahama mbali na nyumba hiyo. Ndiyo maana hatujai.

Baba anaendeleaje? Hukusema.

Thelma Kowalchuk

Leo ni 12 Machi. Barua hii ilirudishwa kwa sababu ya mgomo wa posta huko kwenu, ikakaa mezani wiki zote hizi. Naituma tena. Ukijibu, tumia anwani mpya niliyoandika nyuma ya bahasha.

*

Hollin Clough
4 Aprili 1971

Mwanangu Thelma,

Marahaba. Mgomo ulitutesa. Edna alizoea kumsubiri mtu wa posta dirishani, akabaki kumsubiri hivyo hivyo, akasema ni kwa ajili ya mazoezi. Sote hatujambo. Baba yako yupo, anakaa sana ndani siku hizi, si unajua majira haya yalivyo.

Habari ya shoka sikuipokea vizuri. Nilipanda kilimani nikahakikishe mwenyewe, kwa maana mimi siyo mtu wa kuambiwa na kitabu. Kule juu ya machimbo ya zamani kuna kuta mbili zimebaki na kondoo wa watu wanalala ndani, na wazee walipaita Ellenroyd hata kabla sijazaliwa, nami nilidhani pamepewa jina letu kwa heshima. Nikakaa ukutani. Pande zote imeota ile miti ya matunda meusi ambayo Edna hutengenezea mvinyo. Mteremko wake, Thelma, mbuzi angeteleza. Na mtu aliufyeka kwa mikono. Nilishuka nikawatangazia baa nzima kwamba farasi kila mtu anaweza kupanda, na kwamba Pickersgill alete ukoo wake uliokata miti mteremko kama ule. Alinyamaza. Au mdomo ulikuwa na pai.

Kisha nikapekua vitabu vya simu vya Uingereza nzima pale posta ya Halifax. London, patupu. Bristol, patupu. Manchester yupo daktari wa meno. Nilimpigia, akasema hachezi na watu asiowajua, halafu akaniuliza meno yangu yakoje. Lakini Leeds, mwanangu, Leeds kuna mmoja. Nikapanda treni.

Mimi nimezunguka dunia, sishangazwi na watu. Pale mlangoni nilishangaa. Kafungua bwana mmoja mweusi, mpana, amevaa sare ya dereva wa basi.

"Namtafuta Ellenroyd," nikasema.

"Umempata."

"Na mimi ni Ellenroyd."

Akanitazama kuanzia kofia mpaka kiatu. "Basi mmoja wetu amepotea njia," akasema. "Ingia, chai iko tayari."

Anaitwa Alphonso. Katoka kisiwa cha Nevis, huko Karibi, miaka kumi na tano iliyopita, na mkewe anapika samaki hata mimi nikavua kofia. Amekubali kucheza. Sasa tuko tisa. Nimeshamnong'oneza mtu mmoja tu baani, kwa siri, kwamba tumepata mrushaji kutoka visiwani ambaye mpira wake hauonekani. Asubuhi yake kijiji kizima kilikuwa na siri hiyo.

Seth

*

Winnipeg
25 Aprili 1971

Shikamoo Baba mdogo,

Nimefurahi kusikia habari za Alphonso. Theluji imeanza kuyeyuka na chumba changu kina dirisha linaloona mto. Nina maswali matatu.

La kwanza. Jina letu lilifikaje Nevis? Umeruka hapo kama mtu anayeruka dimbwi akiwa na viatu vipya.

La pili. Kwa nini mnahesabu wanaume tu? Sharti linasema wenye jina. Mama mdogo Edna amelibeba tangu kabla sijazaliwa, na kila mwaka kazi yake ni kupaka siagi mikate. Nilipokuwa na miaka tisa nilimwomba baba nicheze, akanikabidhi kisu cha siagi. Sijasahau uzito wa kisu kile.

La tatu. Januari mlikuwa tisa. Umempata Alphonso, bado mko tisa. Hata Canada tisa na moja ni kumi. Nani amepungua?

Thelma

*

Hollin Clough
16 Mei 1971

Mwanangu Thelma,

Marahaba sana. Salaam kutoka kwa wote. Mbwa wa Pickersgill amezaa watoto sita, na mmoja ana uso wa Pickersgill mwenyewe, nimekwenda kumtazama mara mbili.

(Hapa Baba mdogo alieleza habari za mbwa kwa kurasa mbili. Nimeziruka. T.)

Sasa Alphonso. Jumapili alikuja kumwona baba yako. Baba yako hakuinuka kumpokea mgeni, si unamjua. Alikuwa kwenye kiti chake kile karibu na moto, blanketi magotini. Akamkazia macho, akamuuliza moja kwa moja:

"Jina hilo umelipata wapi?"

Nilitamani sakafu inimeze. Swali lako la kwanza nililiruka kwa sababu jibu nalijua, au nilishalikisia, na mtu hapendi kuokota vitu vingine. Lakini Alphonso aliweka kikombe chini taratibu.

"Bwana Amos," akasema, "mtu mmoja wa bonde hili mwenye jina hilo alikuja kwetu kusimamia mashamba ya miwa. Babu wa babu yangu alikuwa mali ya shamba. Akapigwa jina hilo kama ng'ombe anavyopigwa chapa, hakuna aliyemuuliza. Tangu hapo ni letu. Mama yangu alilishonea kwenye kola za sare zetu za shule na hakuna aliyewahi kulitia aibu. Kwa hiyo ukiniuliza nimelipata wapi, nimelipata kwa mama yangu. Wewe je?"

Baba yako akaisogeza chai yake pembeni. Akasema, "Na mimi kwa mama yangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuliandika." Kisha, "Samahani kwa nililouliza. Unarusha kwa mkono gani?"

"Sirushi kwa mkono wowote. Mimi na kriketi hatujuani. Kwetu nilikuwa napiga tarumbeta."

Mwanangu, mwezi mzima nimewatisha Wengineo. Pickersgill amewapeleka mazoezini hata siku za mvua. Baba yako alicheka, nami sikuwa nimemsikia akicheka tangu majira ya baridi. "Asiambiwe mtu," akasema. "Simama tu uwatazame vibaya."

Hapo Edna akatoka jikoni, mikono imejaa unga. "Amos, kama Alphonso anahesabiwa, na sawa ahesabiwe, basi jina si damu. Ni nani analibeba. Mimi nimelibeba miaka thelathini na moja nikiwa na huyu hapa juu yake." Huyu hapa ni mimi. Baba yako akakubali. Jana Edna alirusha mpira uani, pipa la taka likapata tundu. Goti halijambo kabisa. Inaelekea lilikuwa linatabiri siagi.

Tumefika kumi. Nilimtajia baba yako jina lako, kwa mzaha tu. Akasema, "Thelma ana jina lingine." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayepiga hesabu na haimjii.

Seth

*

Winnipeg
6 Juni 1971

Baba mdogo,

Kurasa mbili za mbwa na hata mstari mmoja hakuna juu ya hali ya baba. Hainuki kumpokea mgeni. Ana blanketi magotini mwezi wa Mei. Hajacheka tangu baridi. Nakuomba usinifanye mtoto. Nani amepungua?

Thelma

*

Hollin Clough
17 Juni 1971

Mwanangu,

Marahaba, ingawa hukuniamkia.

Baba yako ndiye aliyepungua. Februari, posta zikiwa zimefungwa, alianguka akifunga kamba ya kiatu. Upande wa kulia haumsikii, mkono na mguu. Ulimi umerudi, na ukali umerudi na ulimi. Daktari anasema ataishi, lakini uwanjani hataingia tena. Aliniapisha nisikwambie. Alisema ukija kwa huruma ni heri usije.

Nadhani anakumbuka alichokwambia pale stesheni ulipoondoka na Bohdan, "Ukilibadili jina, usirudi kulihesabu." Miaka tisa hajaandika barua kwako, nawe umedhani ni hasira. Thelma, mimi nimemwona. Kila Krismasi anachukua bahasha, anaandika Thelma, halafu kalamu inasimama. Lile jina la pili haliwezi. Anaitia motoni, kisha ananiuliza mimi kama nimekuandikia na kama nina stempu.

Sasa nimevunja kiapo. Nitapika kitu kizuri kesho na sitamwambia kwa nini.

Seth

*

Winnipeg
4 Julai 1971

Shikamoo Baba mdogo,

Asante. Nimelia, nikanawa uso, nikaenda kazini.

Na mimi nilikuwa na langu. Bohdan hajambo, ndivyo nilivyokuwa naandika, na ni kweli, hajambo, yuko Vancouver na mwingine tangu mwaka juzi. Sikusema kwa sababu baba alinitabiria na sikutaka apate raha ya kuwa sahihi. Mwezi Machi nilihamia chumba hiki. Wiki iliyopita hakimu amemaliza mambo yetu ya talaka. Ofisini wameniuliza waandike jina gani mlangoni. Nimewaambia, nao wamekosea herufi mara mbili, na sijali.

Mwambie baba siji kwa huruma. Nakuja kucheza. Ndege yangu ni tarehe 21 Agosti. Na mwambie mama mdogo mwaka huu mikate ipakwe siagi na Pickersgill.

Thelma Ellenroyd

*

Winnipeg
20 Septemba 1971

Shikamoo Baba mdogo,

Nimefika salama. Nimeanza kufunga mizigo. Vitu vyangu vyote ni masanduku matatu na taa, taa nitamwachia jirani. Ofisi ya reli wanataka niwape mpaka mwisho wa Oktoba, kisha narudi nyumbani, na safari hiyo si ya likizo.

Naandika habari ya mechi upesi kabla wewe hujaisimulia, kwa sababu najua kufikia Krismasi utakuwa umepiga mikimbio mia. Ulitolewa kwa mpira wa kwanza. Ulisema jua lilikuwa machoni, na mvua ilikuwa inanyesha. Mama mdogo Edna aliwatoa watu wanne, na Pickersgill alikuwa mmoja wao, kijiti cha katikati cha vile vitatu alivyolinda bado sijui kilitua wapi. Alphonso alipoingia na gongo la kupigia mpira, Wengineo wote walirudi nyuma mpaka kwenye ukuta wa mawe. Hakufanya kitu. Aliwatazama vibaya kama alivyoambiwa, akafumba macho, akagusa. Tukakimbia. Akafumba tena, tukakimbia tena. Walichukua muda mrefu sana kugundua kwamba hajui kucheza.

Mimi nilikuwa wa mwisho kupiga. Unajua nilipofika nyumbani baba aliniambia nini? "Umechelewa chai." Basi. Siku ya pili yake akaniambia, "Gongo unalishika juu mno, shusha mkono." Nilishusha. Nilimwona pembeni kwenye kiti chake, kofia machoni, akihesabu watu wetu kwa kidole cha kushoto, akifika mwisho anaanza upya, kama mtu anayeonja kitu.

Ilibaki mikimbio minne tu tushinde, na nikatolewa. Wameshinda, birika liko kwa soseji. Nilikwenda kwa baba kichwa chini. Akaniambia neno moja, "Mwakani."

Baba mdogo, hilo neno alikuwa ameacha kulisema, sivyo?

Thelma

*

Hollin Clough
3 Oktoba 1971

Mwanangu Thelma,

Marahaba. Barua yako ina uongo mwingi juu yangu, na nimemsomea Edna, amecheka kupita kiasi cha adabu. Jua lilikuwepo, nyuma ya mvua.

Ndiyo, alikuwa ameacha. Sasa analisema mpaka linachosha. Mwakani hivi, mwakani vile. Pickersgill alikuja na birika mwenyewe, akasema duka lina mafuta, litaharibika, heri likae kwa Amos mpaka mechi ijayo, lakini ijulikane ni lake. Tumemwachia aamini hivyo. Alphonso naye ameanza kuja Jumamosi na mkewe. Juzi tulipanda naye mpaka zile kuta za kilimani. Akazunguka, akapima mteremko kwa macho. "Kwa hiyo huyu wa shoka ndiye aliyeanza," akasema. "Kidogo namwonea huruma." Akachuma matunda meusi kofia nzima, Edna ameyatia kwenye mtungi na kuandika mwaka. Mwezi Mei mke wake anajifungua. Nimeshamwambia akiwa msichana tutampa mpira, wa kisu cha siagi tutamtafuta kwa Wengineo.

Chumba chako tumekipaka rangi. Nimepaka mimi, kwa ustadi niliojifunza bandarini Valparaiso, kwa hiyo usiangalie kona.

Barua hii imechelewa siyo kwa sababu yangu. Mimi niliimaliza Jumatatu. Lakini baba yako aliichukua, akasema bahasha ataandika yeye, na mkono wake wa kushoto ni mwanafunzi bado. Ameharibu bahasha nyingi za Edna. Kila jioni anakaa mezani, ulimi nje, haturuhusiwi kuzungumza. Leo amemaliza, kainyanyua kwenye taa, kaitazama, kanipa.

Kwa hiyo ukiona herufi zimelala kama walevi, usidhani ni za mtoto. Rudi uitazame tena. Ameandika majina yote mawili, Thelma, la kwanza na la pili, na kalamu haikusimama.

Baba yako mdogo,
Seth